Je, Wajua? Mwanga, Sarafu na Simu Iliyo Mfukoni

Je, wajua kwamba hakuna metali inayorudisha mwanga vizuri kama fedha? Fedha safi iliyong'arishwa hurudisha takribani asilimia 95 ya mwanga unaoonekana kwa macho. Dhahabu na shaba humeza sehemu ya rangi ya buluu, ndiyo maana zinaonekana za manjano na nyekundu. Nikeli hurudisha kiasi kinachozidi nusu kidogo. Basi mtu anapoilaza shilingi ya fedha ya enzi za ukoloni mezani, akaielekezea simu na kuwasha flashi, anachokipata ni doa jeupe lisilo na sura wala maandishi. Taa ya simu imekwenda, imegonga sarafu, imerudi ilikotoka, na kamera imeipiga picha taa yake yenyewe.

Hapo ndipo penye siri yote ya kazi hii. Mwanga hudunda kwa pembe ileile uliyoingia nayo. Uwanja bapa wa sarafu unaurusha mwanga upande mmoja, na kingo za herufi zilizoinuka zinaurusha pengine. Macho na kamera hutofautisha herufi na uwanja kwa sababu ya tofauti hiyo tu, kwani herufi na uwanja ni metali moja na rangi moja. Anayejua mwanga wake unatoka wapi na unaishia wapi atapata picha nzuri kwa simu ya bei ya chini. Asiyejua hilo hataokolewa na kamera ya mamilioni.

Zima flashi, basi, na usiiwashe tena. Mwanga wa bure ulio bora ni ule wa dirishani au wa barazani penye kivuli angavu. Nchi zetu zimekaa karibu na Ikweta, na saa sita mchana jua linakuwa utosini, kali na lenye vivuli vyeusi. Asubuhi au alasiri, mbali kidogo na jua la moja kwa moja, anga lenyewe linakuwa taa kubwa na laini. Usiku, taa ya kusomea inatosha ukiifunika kwa karatasi nyeupe nyepesi, mradi karatasi isigusane na balbu ya moto. Kopo jeupe la mtindi lililokatwa kitako, likawekwa kuizunguka sarafu, huusambaza mwanga pande zote bila kukugharimu hata senti.

Wasomaji wa Tanzania wanaweza kuifanyia majaribio kanuni hii leo hii. Sarafu ya shilingi 500 iliyoingia kwenye mzunguko mwaka 2014 ina alama ya usalama iliyofichwa: ukiinamisha sarafu huku unaonekana 500, ukiinamisha kule zinaonekana herufi BOT. Mistari midogo sana imechongwa kwa pembe mbili, na kila pembe inaurudisha mwanga upande wake. Ukiweza kuzipiga picha zote mbili, moja baada ya nyingine, kwa kusogeza taa tu na sarafu ikiwa imetulia palepale, umeshafuzu somo gumu kuliko yote.

Je, wajua kwamba tatizo la mng'ao liliwasumbua hata wataalamu wa makumbusho ya karne ya 19? Walipotaka kuchapisha vitabu vya orodha za sarafu, mara nyingi hawakuzipiga picha sarafu zenyewe. Walizikandamiza kupata kalibu, wakamimina plasta, kisha wakapiga picha nakala hizo za plasta, kwa sababu plasta haing'ai wala haina madoa. Picha nyingi za sarafu za Kigiriki katika orodha za Makumbusho ya Uingereza za zama hizo ni picha za plasta. Kila umbo lilionekana sawasawa, lakini rangi ya metali, kutu na alama za safari ya sarafu vilipotea. Simu yako leo inaweza kuvihifadhi vyote hivyo kwa mpigo mmoja.

Uhusiano wa picha na fedha ni wa damu. Njia ya kwanza ya upigaji picha iliyoenea duniani, aliyoitangaza Mfaransa Louis Daguerre mwaka 1839, ilitumia bamba la shaba lililopakwa fedha na kung'arishwa mpaka likawa kioo. Mwaka huohuo Joseph Saxton, fundi aliyefanya kazi katika kiwanda cha sarafu cha serikali ya Marekani mjini Philadelphia, alitega bamba kama hilo dirishani pa kiwanda na kupata mojawapo ya picha kongwe zaidi zilizobaki za nchi hiyo. Alikuwa mjenzi wa mizani za kupimia sarafu. Picha na sarafu zilikutana chini ya paa moja tangu mwaka wa kwanza.

NUNDU INAYOGEUKA SHIMO

Hili ni jambo ambalo wengi hawaamini mpaka walione. Piga picha ya sarafu taa ikiwa upande wa juu wa picha, halafu izungushe sarafu kwa nusu duara na upige tena bila kuigusa taa. Sasa geuza picha ya pili kwenye simu ili kichwa kisimame wima. Huenda ukaona uso uliokuwa umeinuka umezama ndani, kama muhuri uliochongwa. Sarafu haijabadilika hata chembe.

Sababu iko kichwani mwa mtazamaji. Tangu kuzaliwa tunaishi chini ya jua, na akili imezoea kwamba mwanga unatoka juu. Ikiona kivuli upande wa chini wa umbo, inaamua kuwa umbo limeinuka; ikiona kivuli upande wa juu, inaamua ni shimo. Mmarekani David Rittenhouse, mwanaastronomia na mtengenezaji wa saa, aliandika maelezo ya udanganyifu huu mwaka 1786, akionyesha kwamba akili huamua kina cha kitu kwa kufuata mahali inapoamini mwanga unatoka. Miaka sita baadaye, mwaka 1792, George Washington alimteua kuwa mkurugenzi wa kwanza wa kiwanda cha sarafu cha Marekani. Sijui kama kuna mtu aliyefaa kazi ile kuliko yeye.

Funzo lake kwa mwenye simu ni jepesi: weka taa upande utakaokuwa juu ya picha, ama katikati kabisa ama ukiielekeza kidogo kushoto. Na ujihadhari na simu yenyewe. Simu ikilala bapa kutazama meza, kihisi chake hakijui juu ni wapi, kwa hiyo picha mara nyingi hutoka imelala au imepinduka. Ukiigeuza baadaye, mwanga nao unageuka pamoja nayo. Kagua kila picha kabla ya kuiondoa sarafu mezani.

KUSOGEA MNO NI KUJIHARIBIA

Wengi huamini kwamba picha nzuri ya kitu kidogo inatokana na kukisogelea. Kwa simu, mara nyingi ni kinyume. Kamera kuu ya simu nyingi haiwezi kulenga kitu kilicho karibu kuliko sentimita 8 au 10. Ukisogea zaidi, simu yenyewe inakuziba mwanga, na kivuli chake kinaangukia sarafu. Juu ya hayo, lenzi ikiwa karibu sana, sehemu ya katikati ya sarafu huonekana kubwa kuliko kingo, na duara halibaki duara.

Hesabu inatuokoa. Kamera ya megapikseli 12 hutoa picha yenye pikseli 4000 kwa 3000. Ukikaa mbali kidogo, sentimita 15 hivi, na sarafu ikachukua sehemu moja tu ya sita ya upande mfupi wa picha, bado unabaki na pikseli 500 kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa sarafu ya milimita 25, hizo ni pikseli 20 katika kila milimita moja. Zinatosha kuonyesha mkwaruzo mwembamba. Piga kutoka hapo, kisha ukate pembeni. Ile lenzi ya pili yenye megapikseli 2, ambayo simu nyingi za bei nafuu huipa jina la lenzi ya vitu vidogo, ina pikseli 1600 kwa 1200 tu na mara nyingi haina uwezo wa kubadilisha fokasi. Iache. Vilevile usivute picha kwa vidole kabla ya kupiga. Kwenye simu isiyo na lenzi maalumu ya kuvuta, simu inakata picha na kuikuza kwa kubuni pikseli za katikati, na katika sarafu, pikseli iliyobuniwa inaweza kuifanya 3 ifanane na 8.

Mkono wa binadamu hutetemeka, na kwa umbali huu mtetemeko mdogo unaifuta herufi. Marundo mawili ya vitabu yenye urefu sawa na kipande cha kioo cha fremu ya picha kilicholazwa juu yake vinatosha kuwa meza ya simu. Lenzi inatazama chini kupitia kioo, au simu inachomoza ukingoni ili lenzi ibaki wazi. Hakikisha simu na meza vimelala sambamba, la sivyo duara litakuwa yai na upande mmoja utakuwa na ukungu. Gusa sarafu kwenye skrini na ushikilie kidole mpaka fokasi na kiasi cha mwanga vifungwe, kisha telezesha kidole kushusha mwanga kidogo. Weka kipima muda cha sekunde 3 ili usiwe umeigusa simu wakati picha inapigwa. Simu zenye waya wa masikioni zina njia nyingine nzuri: katika simu nyingi, kitufe cha sauti kilicho kwenye waya hupiga picha.

Kamera pia hudanganywa na rangi ya kitambaa kilicho chini ya sarafu. Kipimo chake cha mwanga hudhani kila kitu duniani, kwa wastani, ni kijivu cha kati. Weka sarafu kwenye karatasi nyeupe pana, simu itaona weupe umezidi na kuipunguzia picha mwanga, na sarafu itatoka nyeusi. Weka kwenye kitambaa cheusi, simu itaongeza mwanga na kuichoma sarafu. Kijivu cha kawaida, kwa mfano upande wa ndani wa boksi la kadibodi lisilo na rangi kali, hutuliza mambo. Na vaa nguo isiyo na rangi kali. Kanga nyekundu iliyotundikwa karibu na dirisha inatosha kuipaka rangi ya waridi sarafu ya fedha, kwa sababu sarafu hurudisha chochote kilicho mbele yake. Ukitia kipande cha karatasi nyeupe kwenye kona ya picha, utakuwa na kipimo cha kusahihishia rangi baadaye, kisha unakikata.

Je, wajua kwamba Edward VIII, mfalme wa Uingereza aliyetawala kuanzia Januari hadi Desemba 1936 tu, hakuwahi kuwa na sura yake kwenye sarafu zilizotumika madukani Uingereza, lakini jina lake lilishikwa mikononi na watu wa Afrika Mashariki? Sarafu zetu za senti 5 na senti 10 zilikuwa na tundu katikati, hazikuhitaji kichwa cha mfalme, na zile za mwaka 1936 zilitolewa na jina lake. Ukiipiga picha mojawapo, kumbuka kwamba kilicho chini kitachungulia tunduni. Kitambaa chenye maua kitaharibu kila kitu.

LENZI YA MASHINE ILIYOKUFA NA SARAFU ZA TABORA

Karne ya 17, mfanyabiashara wa vitambaa wa Uholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, alikuwa wa kwanza kuwaona na kuwaeleza bakteria. Chombo chake kilikuwa na lenzi moja tu, kishanga cha kioo kidogo kuliko punje ya mtama, kilichobanwa kati ya vibati viwili. Kimoja kati ya vilivyobaki, kilichoko mjini Utrecht, hukuza zaidi ya mara 250. Kadiri kishanga kinavyokuwa kidogo, ndivyo kinavyokuza zaidi.

Mtaani kwetu kuna lenzi za aina hiyo zinatupwa kila siku. Ndani ya kila mashine ya DVD iliyokufa mna lenzi ndogo safi kabisa, iliyokuwa ikikusanya mwali wa leza. Fundi wa redio atakupa kwa bei ya maji. Ibandike juu ya lenzi ya simu kwa kipande cha karatasi ya gundi, sehemu iliyobinuka zaidi ikitazama simu, na usogeze simu polepole mpaka milimita chache juu ya sarafu. (Usiiwashe mashine yenyewe ikiwa imefunguliwa, leza yake inaweza kudhuru jicho.) Utaona herufi moja au mbili tu zikijaza skrini. Hutapata sarafu nzima, na huihitaji. Lenzi hii ni ya kuuliza swali dogo na kupata jibu.

Na hakuna sarafu zenye maswali madogo mengi kama zile za Tabora. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, manowari za Uingereza zilifunga pwani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na sarafu kutoka Ujerumani zikakatika. Mwaka 1916 Wajerumani wakaanza kugonga fedha zao katika karakana ya reli ya Tabora. Walitoa sarafu za heller 20 za shaba nyekundu na za shaba ya njano, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Kazi hiyo ilikoma mwaka huohuo; majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora Septemba 1916.

Kwa kuwa mihuri ilichongwa kwa mkono na kwa haraka, haikufanana. Katika heller 20, baadhi zina taji kubwa na nyingine taji dogo. Ukigeuza upande wa pili, tazama herufi L mbili za neno HELLER: ncha zake ama zimechongoka ama zimejikunja, na kuna muhuri ambao L ya pili peke yake ndiyo iliyojikunja. Katika rupia 15 ya dhahabu, tazama pambo la upande wa kulia: katika muhuri mmoja linaishia chini ya T ya neno OSTAFRIKA, katika mwingine linaishia chini ya A ya kwanza. Zilitolewa zaidi kidogo ya 16,000 kwa jumla. Wanunuzi hulipa bei tofauti kwa tofauti hizi, na mtu asiye na picha ya karibu hana la kujitetea mbele ya dalali. Kipande cha plastiki kutoka DVD mbovu kinampa ushahidi.

Sarafu mpya kabisa, au ile iliyong'arishwa kama kioo, huhitaji ujanja mwingine. Kata kipande cha kioo cha kawaida, kiinamishe nyuzi 45 juu ya sarafu, na simu itazame chini kupitia kioo hicho. Taa ikae pembeni, imelala, ikielekea kioo. Sehemu ndogo ya mwanga wake itadunda kwenye kioo na kushuka wima juu ya sarafu, kisha itarudi wima kupitia kioo hadi kwenye lenzi. Sehemu kubwa hupenya na kupita, kwa hiyo weka kitambaa cheusi upande wa pili ili isirudi, na kizuizi kidogo cha karatasi nyeusi ili taa isiifikie sarafu moja kwa moja. Uwanja wa sarafu utang'aa kote na michoro itasimama juu yake kwa mistari mizuri mieusi. Wapiga picha wa maduka ya mnada hutumia njia hiihii kwa vifaa vya ghali.

KILWA, VINA NA GOLOLI

Je, wajua kwamba sarafu nyingi za masultani wa Kilwa zina vina? Upande mmoja umeandikwa kwa Kiarabu jina la sultani, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, yaliyochaguliwa ili mwisho wake ufanane kwa sauti na mwisho wa jina. Ni mishororo miwili iliyogawanywa na unene wa shaba. Mtu akipiga picha upande mmoja tu, amekata shairi katikati. Sarafu hizo nyingi hazina mwaka, hivyo jina na kina chake ndivyo vinavyotuambia ni ya zama zipi. Moja ya al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa karne ya 14, ilipatikana Great Zimbabwe, mbali sana na bahari. Na kule Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu ndogondogo za fedha zaidi ya 2000, pamoja na dinari chache za dhahabu. Pwani hii ilikuwa ikigonga fedha zake kabla Wareno hawajaijua.

Tatizo la shaba ya Kilwa ni kutu. Herufi zimelika, na ukiitazama kwa mwanga wa juu huoni kitu. Hapa tochi ya simu ya pili ina kazi kubwa. Ishushe mpaka karibu iguse meza, mwanga ukwaruze uso wa sarafu kutoka pembeni. Kila kinachochomoza, hata kama ni sehemu ndogo ya milimita, kitatupa kivuli kirefu. Zungusha tochi polepole kuizunguka sarafu. Herufi iliyojificha kutoka mashariki hujitokeza kutoka kusini.

Mwaka 2001, Tom Malzbender na wenzake wa maabara za Hewlett-Packard walitangaza namna ya kuunganisha picha za namna hiyo. Kamera haisogei hata kidogo, taa inahamishwa, na kompyuta inakokotoa jinsi kila pikseli inavyopokea mwanga. Matokeo yake ni picha moja ambayo mtazamaji anaweza kuihamishia taa kwa kipanya, kana kwamba ameishika sarafu mkononi. Wanaakiolojia wameipokea kwa mikono miwili, na programu zake zipo za bure. Kifaa ambacho kompyuta inakihitaji ili ijue taa ilikuwa wapi ni gololi nyeusi inayong'aa iliyowekwa kando ya sarafu, kwani nukta ya mwanga juu ya gololi inaeleza mwelekeo wa taa. Uzi wenye urefu usiobadilika, mara tatu au nne ya upana wa eneo unalolipiga picha, hukusaidia kuiweka tochi umbali uleule kila mara. Simu, tochi, uzi na gololi: mwanafunzi wa sekondari wa Kilwa Masoko anaweza kufanya kazi ambayo zamani ilihitaji maabara.

Naomba jambo moja kwa moyo wote. Usiisugue sarafu ya kale ili itoke vizuri kwenye picha. Ukwaju, limau na majivu tunavitumia kung'arisha sinia na masufuria, na vinafanya kazi kwa sababu asidi na chembe ngumu hula tabaka la juu la metali. Katika sarafu, tabaka hilo ndilo lenye herufi. Likiondoka, hakuna mwanga utakaolirudisha, na bei nayo huanguka. Puliza vumbi, shika sarafu kwa kingo zake, piga picha ya doa lilivyo.

Riale ya Maria Theresa inafundisha kwa nini picha isikae peke yake. Malkia huyo wa Austria alifariki mwaka 1780, lakini sarafu yenye sura yake na mwaka huohuo iliendelea kugongwa kwa zaidi ya karne mbili, Vienna, Roma, London, Bombay na kwingineko, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Oman na Zanzibar hawakutaka nyingine. Walioipokea walikuwa na desturi ya kuzihesabu lulu za kipini kilicho begani kwa malkia; zilipaswa kuwa tisa, na ziwe zinahesabika. Picha yako nayo ionyeshe lulu hizo moja moja. Lakini bandia iliyomiminwa vizuri inaweza kuwa na lulu tisa. Haiwezi kirahisi kuwa na uzito wa gramu 28.07 na kipenyo cha milimita 40 hivi kwa wakati mmoja, kwa hiyo piga picha sarafu ikiwa juu ya mizani ndogo ya sonara, namba zikisomeka, na picha nyingine sarafu ikiwa kando ya rula. Piga na ukingo wake pia, maana huo una maandishi yaliyoinuka ambayo wagushi wengi huyashindwa.

Unapogeuza sarafu kupiga upande wa pili, tazama unaigeuza vipi. Sarafu za Uingereza zikigeuzwa kama ukurasa wa kitabu, upande wa pili unabaki wima. Za Marekani zinahitaji kupinduliwa juu chini. Tofauti hiyo ni ya makusudi, na sarafu ambayo pande zake zimepishana na kanuni ya nchi yake ina kosa la kiwandani linaloweza kuwa na thamani. Iandike.

Je, wajua, mwisho, kwamba sarafu tano za Kilwa ziliokotwa Australia? Mwaka 1944 Maurie Isenberg, askari wa jeshi la anga aliyekuwa mtumishi wa rada katika Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo, aliokota sarafu tisa mchangani: nne za Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki na tano za shaba ambazo miaka mingi baadaye, baada ya kuzipeleka zitambuliwe mwaka 1979, ziligundulika kuwa za Kilwa. Namna zilivyofika huko bado ni fumbo. Wataalamu waliokwenda kuchunguza mwaka 2013 waliweza kuanza kazi kwa sababu Isenberg alikuwa ameweka alama ya X kwenye ramani mahali alipoziokota.

Simu huweka alama hiyo yenyewe. Ukiruhusu kamera itumie huduma ya mahali, kila picha hubeba latitudo na longitudo. Hiyo ni faida na ni hatari. Picha ya rupia ya dhahabu iliyopigwa sebuleni na kutumwa kwenye makundi ya simu inaweza kumwonyesha mwizi mlango wa nyumba yako, kwa hiyo futa taarifa za mahali kabla ya kuisambaza, au tuma picha ya skrini badala ya picha yenyewe. Lakini ukiwa ufukweni Kilwa au Pemba, mvua ikawa imefukua kipande cha shaba chenye herufi, wacha huduma hiyo iwe wazi. Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayolinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na vitu hivyo si vya kuokotwa na kuuzwa. Piga picha kikiwa palepale kilipo, rula au hata kalamu ikiwa kando yake. Piga nyingine ukiwa umesimama, ionyeshe mti, ukuta au mwamba ulio karibu. Kisha peleka picha hizo kwa ofisi ya mambo ya kale ya eneo hilo siku hiyohiyo, kabla maji hayajajaa tena.